Ni Mimi Niliyeacha Mlango Wazi

Ndani ya Iliadi, utenzi wa Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, juu ya vita vya Troy, kuna doa la mvinyo ambalo kila nikilifikia husimama. Utenzi wote umejaa damu, lakini hili ni doa la mvinyo uliotemwa na mtoto mdogo kwenye kanzu ya mtu aliyempakata. Mtu huyo ni Phoenix. Mtoto ni Achilles, huyo huyo ambaye ukubwani atasimama ukingoni mwa handaki bila silaha, apige ukelele mara tatu, na jeshi la Troy litimke. Phoenix anamkumbusha: ulikuwa hukubali kwenda karamuni na mtu mwingine, wala nyumbani hukubali kula, mpaka nikupakate, nikukatie nyama vipande vipande na kukushikia kikombe. Mara nyingi uliniloweshea kanzu kifuani, mvinyo ukikutoka mdomoni kwa utoto wako.

Nimelea watoto, najua doa la namna hiyo linavyokaa kwenye nguo. Sidhani kama mtu angeweza kulitunga bila kuwahi kupakata mtoto wakati wa chakula.

Maneno hayo yanasemwa usiku, kambini, vita vikiwa vimewaelemea Wagiriki. Achilles kasusa. Agamemnon, kiongozi wa majeshi yote, alimnyang'anya Briseis, mwanamke mateka aliyekuwa fungu lake, tena mbele ya kadamnasi, naye Achilles akakaa pembeni na kuwaacha wapigane wenyewe. Sasa wamekuja kumbembeleza. Odysseus ametangulia, na amesema kwa ufundi, akitaja zawadi moja baada ya nyingine: dhahabu, farasi 12, binti wa mfalme wa kuoa, miji 7. Achilles amezikataa zote. Ndipo Phoenix anapoanza, machozi yakimtoka, na hotuba yake inapita mistari 170, ndefu kuliko zote za usiku ule.

Anaanzia mbali, kwenye aibu yake mwenyewe. Baba yake, Amyntor, alikuwa na suria, na mama yake, kwa uchungu wa kuachwa upweke, akamsihi kijana wake alale na yule suria ili amchukie mzee. Kijana akafanya. Baba akajua, akamlaani asipate mtoto maisha yake yote. Tuliokulia kwenye nyumba ambamo radhi ya mzazi ni kitu cha kuombwa kabla ya kila safari hatuhitaji kuelezwa uzito wa hapo. Jamaa zake wakamzuia ndani usiku 9, wakimlinda kwa zamu. Usiku wa 10 akavunja mlango, akaruka ukuta wa ua, akakimbia hadi Phthia kwa mfalme Peleus. Peleus akampenda kama baba anavyompenda mwana wa pekee, akampa watu wa kuwatawala, na baadaye akamkabidhi mwanawe, Achilles.

Kwa hiyo mlezi wa shujaa mkubwa kuliko wote wa Kigiriki ni mtu aliyekosa radhi ya babake, asiye na mtoto, mhamiaji katika nyumba ya watu. Sisi huwasimulia mashujaa kana kwamba ushujaa uko kwenye damu tu: mama mungu wa bahari, baba mfalme, basi mtoto atakuwa simba. Homer anajua yote hayo kuhusu Achilles, na bado anatuonyesha nani alimkatia nyama.

Peleus alimpa Phoenix kazi gani hasa? Anaitaja mwenyewe. Achilles alipoondoka kwenda Troy alikuwa bado kijana asiyejua vita wala mabaraza, kule ambako watu hupata kujulikana. Phoenix alitumwa amfundishe awe msemaji wa maneno na mtenda wa matendo. Maneno yametajwa kwanza. Ukimuuliza mtu leo shujaa wa kale alifundishwa nini, atakwambia mkuki, upanga, farasi. Mlezi wake anasema alitumwa kumfundisha kuzungumza mbele za watu.

Naye hamkanyi moja kwa moja. Anampa kisa cha Meleager, shujaa wa zamani aliyesusa vilevile. Wazee wakamwahidi zawadi, akakataa, babake na mamake wakamsihi, akakataa, mpaka moto ulipokuwa unawaka mjini na mkewe akamlilia ndipo akainuka kupigana. Aliuokoa mji, zawadi hakupewa. Nani hajawahi kukaa mbele ya mzee akapewa kisa cha mtu mwingine, huku akijua fika kwamba anayezungumziwa ni yeye?

Achilles anamjibu kwa neno la Kigiriki la kitoto, *atta*, ambalo mtu alimwitia mzee aliyemlea hata kama hawana damu moja. Telemachus, mwana wa Odysseus, naye katika Odisei, utenzi wa pili wa Homer, anamwita hivyo Eumaeus, mtumwa mchunga nguruwe. Kwetu tungesema "baba" tu na kila mtu angeelewa. Baba, anasema Achilles, usinivuruge moyo kwa machozi kwa ajili ya Agamemnon. Zawadi bado hazitaki. Ila tazama kinachotokea. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amemwambia Odysseus kwamba asubuhi anang'oa nanga anarudi kwao. Sasa anamwambia Phoenix alale hapo, na kukicha watashauriana kama waondoke au wabaki. Kitanda cha mzee kinatandikwa: ngozi za kondoo, blanketi, shuka laini ya kitani. Wasomaji wengi huhesabu kwamba Phoenix alishindwa usiku ule. Mimi naona alimsogeza hatua moja, na hiyo hatua moja dhahabu yote ya Agamemnon haikuipata.

Wapo watakaoniuliza, na Chiron je? Kwenye picha za vyungu vya Kigiriki na kwa washairi waliofuata, Achilles analelewa mlimani Pelion na Chiron, kentauri, nusu mtu nusu farasi. Homer anamweka Chiron kwa mbali. Anatuambia aliutoa mkuki mzito kutoka Pelion akampa Peleus, na kwamba alimfundisha Achilles dawa. Hilo la dawa tunalijua kwa njia ninayoipenda sana. Eurypylus anarudi kutoka vitani akichechemea, mshale pajani, anakutana na Patroclus, rafiki wa Achilles, na kumwomba amtibu kwa dawa ambazo Achilles amemfundisha, na Achilles alifundishwa na Chiron. Elimu imepita mikono mitatu hadi kufika kwenye paja la mtu mwenye maumivu. Patroclus anamlaza juu ya ngozi, anakata mshale, anaosha damu kwa maji ya moto, anasaga mzizi mchungu kwa viganja vyake na kuupaka kwenye kidonda. Damu inakauka.

Na muziki pia. Wale wajumbe walipofika walimkuta Achilles anapiga kinubi, akiimba sifa za watu wa zamani, na Patroclus amekaa mbele yake kimya akingoja amalize. Nani alimfundisha kinubi, Homer hasemi.

Nyumba ya Peleus inanifanya niirudie methali yetu, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, kwa mashaka kidogo. Maana humo walilelewa wawili. Patroclus aliletwa akiwa mtoto, na aliletwa kwa sababu alikuwa ameua. Walikuwa wanacheza vifupa, yeye na mtoto wa mtu aitwaye Amphidamas, wakagombana, akampiga akafa. Hakukusudia. Babake, Menoetius, akamtoa Opoeis akampeleka Phthia, na Peleus akampokea akamlea vizuri. Aliyeua kwa hasira ya mchezo ndiye aliyekuja kuwa mpole kuliko wote. Akifa, Menelaus, ndugu yake Agamemnon, anasema alijua kuwa mpole kwa kila mtu, na Briseis, ambaye hakuwa na sababu ya kumsifu mtu yeyote wa jeshi lile, anamlilia kwa neno hilohilo. Na yule aliyelishwa magotini kwa upendo ndiye ambaye hasira yake ni neno la kwanza la utenzi mzima. Mlezi ni mmoja, moto wa jikoni ni mmoja.

Siku ya kuagana, wazee wawili walisimama uani Phthia. Nestor, mfalme mzee wa Pylos, alikuwepo, na anaisimulia. Peleus alimwambia Achilles awe bora daima, awapite wengine. Menoetius alimwambia Patroclus: mwanangu, Achilles amekuzidi kwa nasaba na kwa nguvu, lakini wewe umemzidi umri, basi mwambie neno la busara, mshauri, muongoze, naye atakusikia kwa faida yake. Vijana wawili wa nyumba moja, mmoja anatumwa kushinda, mwingine anatumwa kumwongoza anayeshinda. Nikiwa kijana niliona la Peleus ndilo kubwa. Siku hizi la Menoetius ndilo linalonikaa kichwani, maana ni kazi isiyo na tuzo, na Patroclus alikufa nayo.

Achilles mwenyewe alimwahidi Menoetius kwamba atamrudishia mwanawe salama, na mali yake ya ushindi. Maiti ya Patroclus inapoletwa, analikumbuka hilo mbele ya wenzake na kulitaja kwa jina lake: siku ile nilitamka neno tupu, nikimliwaza mzee. Na kabla ya hapo, akizungumza na mama yake, anasema jambo ambalo sijaona likipewa uzito wake. Nimekaa hapa karibu na merikebu, anasema, mzigo wa bure juu ya ardhi, mimi ambaye vitani hakuna wa kulingana nami, ingawa barazani wapo wanaonizidi. Rudi sasa kwa Phoenix. Alitumwa kumfundisha mambo mawili. Mwanafunzi anakiri mbele ya mama yake kwamba moja hakulifuzu.

Hapo ndipo nilipoanza kuzisoma tenzi hizi upya. Vitani, kijana wa Homer anaonyesha nguvu zake. Kama malezi yameingia, mimi huangalia mahali pengine, pale anapokosea na aliyekosewa amesimama mbele yake.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko kwenye mashindano ya farasi, katika mazishi ya Patroclus. Antilochus, mwana wa Nestor, anajiandaa kushindana akiwa na farasi wazito wa mwendo. Nestor anamsogelea. Huyu ni mzee aliyeishi kuona kizazi cha tatu, na akianza kusema hana haraka. Anamwambia kwamba mkata miti hushinda kwa akili kuliko kwa nguvu, nahodha huiongoza merikebu kwa akili katika bahari ya rangi ya mvinyo, na mwendesha farasi humshinda mwenzake kwa akili. Kisha anamwelekeza mahali penyewe. Kuna kisiki kikavu cha mwaloni au msonobari, kimeinuka juu ya ardhi kama urefu wa mikono iliyonyooshwa, mvua haijakiozesha, na mawe mawili meupe yameegemezwa huku na huku. Huenda ni alama ya kaburi la mtu wa zamani, huenda waliotangulia walikiweka kiwe cha kugeukia. Geuka karibu nacho. Farasi wa kulia mpigie kelele umwachie hatamu, wa kushoto mbane, hadi kitovu cha gurudumu kionekane kama kinakigusa kisiki. Ila jihadhari na lile jiwe, usije ukaumiza farasi na kuvunja gari, wenzako wakafurahi.

Ni somo la kweli, la mtu anayejua anachofundisha: amelipima kwa jicho lake, na hata mawe ameyahesabu. Halafu mbio zinaanza, na kisiki hakitajwi tena! Homer anatupeleka moja kwa moja kwenye kipande cha mwisho, farasi wanarudi kuelekea baharini. Antilochus anafanya hila yake mahali pengine kabisa, kwenye njia iliyomong'onyolewa na maji ya mvua hadi ikabaki nyembamba ya kupita gari moja. Anamfinya Menelaus hapo. Menelaus anapiga kelele kwamba njia ni nyembamba, subiri mbele ina upana. Antilochus anajifanya hasikii, anazidisha mjeledi, na Menelaus anapunguza mwendo akiogopa magari yasigongane. Kijana amelichukua somo la akili kushinda nguvu, na kalitumia pale ambapo baba hakumtuma.

Tuzo ya pili ni farasi jike wa miaka 6 mwenye mimba. Menelaus anasimama, fimbo ya baraza mkononi, na anamdai kijana kiapo: simama mbele ya farasi wako, shika ule mjeledi, waguse farasi, uape kwa Poseidon, mungu wa bahari, kwamba hukunizuia kwa hila. Watu wote wanatazama. Kuapa uongo ni rahisi, maneno machache tu na tuzo inabaki kwake.

Antilochus haapi. Anasema: nivumilie, mimi ni mdogo kwako sana, mfalme Menelaus, wewe ni mkubwa na mbora. Unajua kijana anavyokosea, fikira zake zina haraka na busara yake ni nyembamba. Farasi huyu nakupa mwenyewe, na ukitaka kingine kutoka nyumbani kwangu nitakupa, kuliko nitoke moyoni mwako siku zote na kuwa mkosaji mbele ya miungu. Akamwongoza yule farasi kwa mkono hadi kwa Menelaus. Moyo wa Menelaus, anasema Homer, ukapata joto kama umande kwenye masuke ya nafaka inayokua. Akamrudishia farasi.

Hilo halikuwa kwenye somo la kisiki. Lakini nadhani alilipata kwa mtu yule yule, kwa kumtazama babake miaka yote akiingia kati ya wakubwa wanaogombana na kutafuta neno la kuwatuliza.

Wagiriki wenyewe walizigeuza tenzi hizi kuwa darasa. Xenophon, mwandishi wa kale, anamtaja kijana wa Athens, Niceratus, ambaye babake alitaka awe mtu mwema na kwa hiyo akamlazimisha kuhifadhi Homer wote, na ukubwani alikuwa bado anaweza kuisoma Iliadi na Odisei kwa moyo. Hizo ni zaidi ya mistari 27,000. Tuliohifadhi tukiwa wadogo, tukiyumba juu ya mkeka alfajiri, tunajua kwamba mtoto huhifadhi kwanza, maana humjia baadaye, wakati mwingine miaka 30 baadaye.

Odisei inaanza na kijana ambaye hakupata Phoenix. Telemachus alikuwa mchanga baba yake alipoondoka kwenda Troy, sasa ana miaka kama 20, na nyumba imejaa waposaji wa mama yake, 108 kwa hesabu anayoitoa mwenyewe, wanaokula ng'ombe wake na kulala na watumishi wake. Anakaa kati yao akiota mchana kwamba babake anarudi. Ila yeye ndiye wa kwanza kumwona mgeni aliyesimama mlangoni. Anaona haya mgeni kusimamishwa kwa muda, anakwenda, anamshika mkono, anampokea mkuki, na anamwambia: karibu, kula kwanza, shida yako utatueleza ukishakula. Mgeni ni mungu Athena aliyejigeuza, lakini hilo yeye hajui. Hata katika nyumba iliyovurugika, mama na mtumwa mchunga nguruwe na yaya mzee walikuwa wamemfundisha jambo la kwanza.

Athena anamwambia utoto sasa basi. Telemachus anaitisha baraza la Ithaca, kisiwa chao, ambalo halijakutana tangu Odysseus aondoke. Anasema vizuri mwanzoni, kisha uchungu unamzidi, anaitupa fimbo chini na kulia mbele ya watu. Kisha anasafiri kwenda Pylos, Athena akiwa naye kwa sura ya mzee wa Ithaca aitwaye Mentor. Jina hilo leo linatumika katika lugha nyingi kumaanisha mwelekezi wa vijana, ingawa Mentor mwenyewe hafanyi mengi, kazi yote ni ya Athena. Wanafika ufukweni wanamkuta Nestor na watu wake wanamchinjia Poseidon mafahali. Telemachus anasita. Nitamwendeaje, anauliza, nitamsalimuje? Sina uzoefu wa maneno ya hekima, na kijana huona haya kumhoji mzee.

Mstari huo ungeweza kuandikwa Chake Chake. Nikiwa na miaka 15 nilitumwa barazani kwa wazee kupeleka ujumbe wa ami yangu kuhusu mpaka wa shamba. Nilijua kila neno nilipotoka nyumbani, na nilipofika mbele ya zile kofia nyeupe, yote yakanitoka isipokuwa shikamoo.

Telemachus anajifunza kwa kukaa na watu. Nestor anamsimulia waliokufa Troy, na kati yao anataja: huko amelala mwanangu Antilochus. Sparta, kwa Menelaus, anamnong'oneza Peisistratus, mdogo wake Antilochus, atazame jinsi shaba na dhahabu na pembe za ndovu zinavyong'aa. Lakini Menelaus anapompa zawadi ya farasi, Telemachus anakataa kwa adabu na kwa sababu: Ithaca haina mbuga za farasi, ni nchi ya mbuzi, nami naipenda hivyo. Menelaus anatabasamu. Aliyeanguka katika kilio barazani sasa anaweza kumkatalia mfalme bila kumuudhi.

Na sasa nifike kwenye mlango.

Odysseus amerudi nyumbani, na vita vya ukumbini vimeanza. Odysseus, Telemachus na watumishi wawili wanapambana na waposaji wote. Telemachus alikwenda mbio ghalani kuchukua ngao na mikuki. Ghafla Odysseus anaona waposaji wanavaa silaha, magoti yake yanalegea. Anasema: Telemachus, bila shaka mmoja wa wanawake wa humu ndani anatuzidishia vita, au ni Melanthius. Ni Melanthius kweli, mchunga mbuzi aliye upande wa waposaji, aliyezibeba. Baba amekwisha mpa mwanawe watu wawili wa kulaumu. Telemachus anajibu: baba, kosa hili ni langu mimi, wala si la mtu mwingine. Niliacha mlango wa ghala wazi, na mwangalizi wao alikuwa macho kuliko mimi.

Nilikuwa na miaka 12, nikiishi kwa mjomba aliyenilea, wakati wa karafuu. Tulianika kwenye majamvi mbele ya nyumba, jioni tunakusanya, zilizokauka zinatiwa magunia na kuingizwa ghalani. Jioni ile niliingiza gunia la mwisho mimi. Mlango ule ulikuwa na komeo la mti lililokuwa gumu kwa mkono wa mtoto. Niliusukuma tu, nikasema nitarudi. Usiku ikaja mvua ya vuli na upepo. Asubuhi mjomba aliingiza mkono kwenye gunia la kwanza, akautoa, akanusa kiganja. Akaingiza kwenye la pili. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akamwita binamu yangu, kwa sababu kufunga ghala ilikuwa kazi yake. Binamu yangu aliapa kwamba aliyeingiza gunia la mwisho si yeye. Mjomba akanitazama mimi. Nilitazama majamvi.

Binamu yangu alipigwa. Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka hapo.

Nilipoyasoma maneno yale ya Telemachus kwa mara ya kwanza nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na mjomba alikuwa ameshafariki. Niliweka kitabu chini nikatoka nje. Nilimpigia simu binamu yangu siku ya tatu, maana siku mbili za kwanza sikuweza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema alijua tangu siku ile, na kwamba mzee naye alijua. Alisema mzee alimwambia miaka mingi baadaye kwamba alikuwa akingoja niseme.

Nikitoka hapo siwezi kumsifu Telemachus bila kusema kilichofuata, ingawa ningependa kuishia mlangoni. Waposaji wamekufa. Odysseus anaagiza watumishi wa kike 12 waliolala na waposaji wasafishe ukumbi, wabebe maiti, wasugue meza, kisha wauawe kwa upanga. Telemachus anabadilisha. Anasema hatawapa kifo safi wanawake waliomtukana yeye na mama yake. Anafunga kamba ya merikebu kwenye nguzo na kuwanyonga kwa safu, na Homer anawafananisha na ndege walionaswa kwenye wavu wakienda kulala. Miguu yao ilitapatapa kidogo, si kwa muda mrefu.

Saa chache kabla, aliwaondolea wanawake wa nyumba ile lawama ya mlango. Hakuna aliyemfundisha kitanzi kile, si Nestor, si Menelaus, si Athena, na hakuna anayemkemea. Nimesoma wanaosema ndivyo ilivyokuwa zamani. Lakini baba yake, mtu wa zamani hiyo hiyo, alisema upanga. Sina la kumtetea kijana hapo, na sitaki kumtafutia.

Utenzi unakaribia kwisha wakati Odysseus anapokwenda shambani kumtafuta babake. Laertes yuko peke yake, analimia mche, kanzu imeshonwa viraka, ngozi imefungwa miguuni na mikononi kujikinga na miiba, kofia ya ngozi ya mbuzi kichwani. Odysseus anaanza kwa kumdanganya, kama anavyomdanganya kila mtu tangu afike Ithaca, jina la uongo na mji wa uongo, mpaka mzee anapoinama na kujimwagia vumbi kichwani. Hapo anashindwa kuendelea. Anasema ni mimi. Mzee anataka dalili.

Anamwonyesha kovu la nguruwe mwitu pajani, lile la ujanani. Kisha anasema atamtajia miti. Nilikuwa mtoto, anasema, nikikufuata nyuma humu bustanini nikikuuliza kila kitu, na tulipita katikati ya miti hii hii, nawe ukanitajia kila mmoja jina lake. Ukanipa mipea 13, mitufaha 10, mitini 40. Na ukaniahidi safu 50 za mizabibu, kila moja inaiva kwa wakati wake.

Magoti ya mzee yakalegea, akamrushia mwanawe mikono shingoni.